Boriti ya Kati

Fundi alikuwa na miaka miwili hajaisikia mashine yake ya randa. Alijua inazunguka kwa jinsi sakafu ilivyotetemeka chini ya viatu vyake na kwa maranda yaliyoruka, lakini mlio wenyewe ulikuwa umekwenda zake. Lilianza sikio la kushoto, la kulia likafuata, pole pole, bila maumivu, mpaka siku moja akagundua kwamba mvua inanyesha juu ya mabati na yeye ameiona tu dirishani. Miaka thelathini na mbili alisimama kando ya ile mashine bila kuziba masikio. Waliotia pamba aliwacheka na kuwaita mabibi harusi.

Aliyejua ni mkewe peke yake. Kwa wengine wote alijitia hamnazo, na alijua kujitia. Alisoma midomo. Akiingia mahali alikaa mgongo kwa dirisha ili mwanga uangukie nyuso za watu. Neno likimpita, alitikisa kichwa pole pole kama anayekubali na kusema, "Ndiyo hivyo tena," na kwa kuwa alikuwa na mvi na shati lake lilikuwa limepigwa pasi, watu walidhani amewaza jambo zito.

Tatizo ni kwamba jina lake halikutokana na vitanda wala milango. Lilitokana na boriti. Mtu akitaka kununua nyumba ya zamani, au akikuta unga wa mbao umemwagika sakafuni, alimwita fundi aje agonge. Alikuwa na kinyundo cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe. Alipanda ngazi, akagonga kuanzia ukutani, akaweka sikio juu ya mbao, akagonga tena, shubiri kwa shubiri. Boriti nzima hujibu kwa mlio mkavu, mwembamba. Iliyoliwa na dumuzi hujibu butu, kama kopo lililojaa unga. Dumuzi ni mdudu mwenye adabu ya ajabu: hula tumbo lote la mbao na kuliacha ganda la nje lisimame, hata mwenye nyumba anaendelea kulisifia. Fundi aliweka alama ya chaki akasema wadudu wameishia hapa, kata kuanzia hapa. Walipokata walikuta ndivyo.

Katika miaka hii miwili aliendelea kugonga na kuweka sikio, ila ulikuwa mchezo wa kuigiza. Kazi yote ilifanywa na macho. Alitafuta vitobo vidogo kama vya pini, akatafuta unga, akachokoa kwa ncha ya bisibisi pale ambapo mwenye nyumba hamwoni. Hakuwa amekosea bado. Au hakuna aliyerudi kumwambia.

Dada yake mdogo, mjane, mshona nguo, aliishi mtaa wa tatu kutoka karakana. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya ghorofa moja: chini cherehani mbili na meza ya kukatia vitambaa, juu chumba kimoja kikubwa chenye sakafu ya mbao, na sakafu hiyo ilibebwa na boriti tatu nene kama kiuno cha mtu mzima. Binti yake alikuwa amejifungua wiki tatu nyuma na angekuja kukaa kwa mama, chumba cha juu, maana mumewe alikuwa kazini mbali. Kwa ajili ya mjukuu huyo dada alifanya usafi wa kufa mtu. Alimleta mpakaji rangi. Kuta zikapakwa, na boriti zikapigwa msasa, vitobo vikazibwa kwa puti ya rangi ya mbao, juu yake vanishi mara tatu. Ziling'aa mpaka ungeweza kujitazama meno.

Jumatatu asubuhi dada alikwenda karakana mwenyewe. Kwa bahati alisimama penye mwanga. Alimweleza kaka yake kwamba tangu mpakaji rangi aondoke na nyumba itulie, anasikia kitu kwenye boriti ya kati. Kinakwaruza, kinanyamaza, kinakwaruza tena, kama mtu anayetafuna mkate mkavu chumba cha pili. Jirani alimwambia ni panya.

"Panya nawajua," alisema dada. "Panya anakimbia. Huyu amekaa, anakula, wala hana haraka."

Fundi alichukua kinyundo chake wakaongozana.

Alipopanda ngazi na kuitazama ile boriti, alipitisha jicho kutoka ncha hadi ncha. Macho hayakuwa na pa kushika. Kila kitobo kilikuwa kimezibwa. Sakafu ya chini ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni, na unga wowote ambao ungedondoka ulikuwa umefungiwa ndani kwa puti. Alipotoa bisibisi mfukoni, dada alimwona, akacheka, akamtishia kidole.

"Vanishi haijamaliza hata wiki. Ukinitobolea boriti yangu, kaka, na mimi nitakutoboa wewe. Gonga tu. Masikio yako yananitosha."

Alirudisha bisibisi mfukoni. Akagonga. Akaweka sikio, vanishi ikambaridi shavuni, na kutoka ndani hakikuja kitu. Akagonga tena. Alikuwa ameweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya mbao, na vidole vilimwambia jambo: upande wa mlangoni pigo lilifika kali, lakini kuanzia katikati kwenda ukuta wa nyuma lilifika limelegea, kama limepita kwenye godoro. Alirudia mara tatu. Mara tatu lilikuja hivyo hivyo. Hata hivyo vidole si masikio, alijiambia, na hajawahi kuhukumu boriti kwa vidole.

Alikuwa na njia mbili, nazo alizijua wazi akiwa bado juu ya ngazi. Atoboe, na dada aulize kwa nini mtu anayesikia dumuzi akitembea leo anahitaji kutoboa. Au aseme kweli. Chini, dada alikuwa ameinua uso, utepe wa kupimia umening'inia shingoni, anangoja.

"Nzima," alisema fundi. "Unachosikia ni mbao inajinyoosha baada ya vanishi. Itatulia."

Dada hakuuliza swali hata moja. Alimshukuru, akamtengenezea chai, akaanza kusimulia habari za mjukuu, na fundi akatikisa kichwa pale alipodhani panafaa.

Mkewe alimkamata mchana ule ule, wakiwa mezani. Mkewe alikuwa na namna yake ya kusema naye: aligonga meza kwanza kwa kiganja, akasubiri amtazame, ndipo akafungua mdomo. Alitaka kujua kwa wifi yake kumekuwaje. Fundi alijibu kwamba boriti ni nzima.

"Sikukuuliza boriti ikoje. Umegonga, ukasikia nini?"

Fundi alisukuma sahani kando. Alianza maelezo marefu ya vanishi na hali ya hewa. Mkewe alimwacha amalize, kisha akamwambia taratibu, kila neno na midomo yake, ili lisimpotee hata moja:

"Wifi yangu na binti yake na kitoto cha wiki tatu watalala juu ya uongo wako."

Halafu akamgeuzia mgongo na kuendelea kusema akiosha vyombo. Hivyo ndivyo alivyomaliza ugomvi siku hizi. Fundi aliona mabega yake yakipanda na kushuka, asijue anatukanwa au analiliwa.

Jumanne alipata kazi ya haraka ya makabati. Jumatano akaitafuta nyingine. Mtu akitaka kukwepa, kazi haikosekani. Alijiambia kwamba boriti ile imekaa miaka sitini na haitaanguka wiki hii. Alijiambia kwamba ataenda akiwa na kisingizio kizuri, labda kuongeza dawa ya wadudu, jambo la kawaida tu, na hapo hapo atatoboa kidogo. Dawa aliinunua. Kopo likakaa karakana. Alhamisi alasiri mpwa wake aliingia kwa mama yake na mtoto, kitanda, begi la nguo na kabati la mbao la milango miwili ambalo watu wanne walilipandisha ngazi wakitukanana.

Kilichomtoa katika kukwepa huko ni yeye mwenyewe kuliona lile kabati. Ijumaa asubuhi alipita kuwasalimia, akakuta limesimamishwa juu, ukuta wa nyuma, sawasawa juu ya mahali ambapo pigo lake lilikuwa limelegea. Mpwa alikuwa kitandani ananyonyesha. Alimsalimu, "Shikamoo mjomba," akamwomba asogee amwone mtoto jinsi alivyofanana naye masikio. Fundi aliyatazama yale masikio madogo. Akamwambia dada yake washuke chini, na mpwa naye ashuke, amchukue na mtoto.

Chini, mbele ya cherehani, alisema anataka kuitoboa boriti ya kati. Dada alidhani ni utani. Alipoona si utani alikasirika. Alimkumbusha kwamba Jumatatu amegonga, amesikiliza, amesema nzima. Sasa vanishi imekosa nini? Kama anataka kazi aseme anataka kazi, si kumzungusha.

"Sikusikiliza," alisema fundi. "Siwezi. Mimi sisikii."

"Unanisikia sasa hivi na unanijibu."

"Nakutazama mdomo."

Dada alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mwenzake naye acheke. Fundi hakucheka. Alimwambia ageuke, amwelekee mlango, aseme chochote anachotaka, na kama ataweza kumrudishia hata neno moja basi boriti haitaguswa.

Dada aligeuka. Fundi aliuona mgongo wake, fundo la kitenge kichwani, mikono yake imeshikana nyuma. Aliona taya likisogea. Alisema kitu, na hakikuwa kifupi. Mpwa, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na mtoto begani, alimtazama mama yake kwa mshangao, kisha akamtazama mjomba, kisha akayateremsha macho sakafuni na kuyaacha huko. Dada alipomaliza alibaki vile vile amegeuka, anangoja jibu. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umelowa. Hakulirudia alilolisema, na fundi hakuthubutu kumuuliza mpwa.

"Toboa," alisema dada.

Alipanda na keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao. Msumari wake uliuma ganda la nje kwa shida, upana wa kidole kimoja, mti mgumu kweli kweli. Kisha ukazama wenyewe mpaka kwenye mpini, na fundi nusura aanguke kutoka kwenye ngazi kwa jinsi alivyokuwa ameegemea. Alipouchomoa, unga wa manjano ulimwagika kama kwenye gunia lililochanika. Ulimwagika juu ya meza ya kukatia, juu ya kitambaa cheupe cha mteja, na haukukoma mara moja. Ndani yake kulikuwa na funza mnene, mweupe, aliyekatwa nusu, na nusu ile bado ilijikunja.

Alitoboa mahali pengine pawili. Upande wa mlangoni palikuwa pazima. Kuanzia katikati hadi ukuta wa nyuma hapakuwa na boriti; palikuwa na ganda na vanishi.

Ndipo mpwa akauliza jambo ambalo wote wawili walikuwa hawajalifikia. Aliuliza ni nyumba ngapi nyingine ambazo mjomba amezigonga hivi. Fundi alihesabu kimoyomoyo akafika kumi na moja. Aliandika majina yote kwenye karatasi ya kupimia nguo, pale pale, na jioni alimkabidhi fundi mwenzake wa karakana, mtu mrefu kama nguzo ya umeme ambaye kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Mfupi. Alimwambia aanze kuzizungukia Jumatatu na drili, na akiulizwa kwa nini aseme sababu yenyewe, asiipake rangi. Mfupi alisoma karatasi, akasema kumbe ndiyo maana nikikuomba nyongeza ya mshahara husikii. Fundi alimwona anavyosema, akashindwa kucheka.

Mpwa na mtoto walilala kwa jirani. Jumamosi asubuhi fundi na Mfupi walikuja na nguzo nne za muda, jeki moja ya lori na kabari. Kitanda na begi walikuwa wamevishusha. Kabati walilisogeza kidogo likawashinda. Kwa watu wawili lilikuwa zito mno, wakakubaliana wategemeze boriti kwanza, watafute wasaidizi baadaye. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili alilifanya fundi peke yake. Alipaswa kutegemeza ncha ya ukuta wa nyuma, iliyoliwa, kabla ya kugusa kitu chochote. Lakini boriti ilikuwa imepinda katikati, na jicho la seremala huenda palipopinda. Alisimamisha nguzo katikati, akaweka jeki chini yake, akaanza kuinua.

Dada alikuwa ameambiwa akae nje. Alikaa mlangoni, ubavu kwa mtaa, mkono kwenye fremu, kwa sababu nyumba ni yake na kaka ni wake. Mfupi alikuwa ametoka uani kuchonga kabari iliyokuwa nene. Fundi alikuwa amepiga goti, uso kwa ukuta wa nyuma, mgongo kwa mlango.

Yaliyofuata alisimuliwa na mpwa wake, aliyekuwa upande wa pili wa mtaa na mtoto. Boriti ilipiga mlio. Mtaa mzima uliusikia. Muuza duka aliinamisha kichwa akidhani ni bunduki. Ulikuwa mlio mrefu, wa kumtosha mtu yeyote kuinuka na kutoka, hata anayechechemea. Fundi yeye aliona unga ukimdondokea mikononi, akadhani ni mabaki ya matundu ya jana, akaupuliza, akaendelea kuzungusha jeki. Dada alimwita mara moja, kwa mazoea: "Kaka." Halafu akakumbuka. Mpwa alisema aliiona ile sekunde ya mama kukumbuka, kwamba mdomo ulifunguka kuita mara ya pili na ukajifunga bila kutoa kitu. Akakimbia kuingia ndani.

Fundi alihisi viganja viwili mgongoni. Alirushwa mbele chini ya meza ya kukatia, akagonga paji la uso kwenye mguu wa meza, na vumbi likafunika kila kitu. Sakafu ilimtetemekea tumboni kama siku mashine ya randa iliposhushwa kutoka kwenye lori. Alipogeuka, ncha iliyovunjika ya boriti ilikuwa imelala pale alipokuwa amepiga goti. Kabati lilikuwa limekuja nayo, milango wazi. Dada yake alikuwa chini ya vyote viwili kuanzia kiunoni. Alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Fundi alimtambaia, akamshika uso, akauelekeza kwenye mwanga ili amsome, lakini hayakuwa maneno. Alikuwa analia tu.

Mfupi na muuza duka na wapita njia waliinua. Gari la kubebea mbao lilimfikisha hospitali.

Fundi alikaa kwenye benchi la korido tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, unga wa manjano kwenye nyusi na damu yake mwenyewe imekauka shavuni. Mkewe alikuwa amekwenda kumchukulia mpwa nguo na kumshika mtoto. Watu walipita mbele yake, midomo ikienda. Mlango wa mwisho ulifunguka akatoka daktari kijana, kofia ya kijani, barakoa usoni hadi chini ya macho. Alitazama karatasi, akatazama watu wa benchi, akaja moja kwa moja kwa fundi. Fundi alisimama.

Daktari alisema naye. Barakoa ilituna na kubonyea, ikatuna na kubonyea, kwa muda kidogo. Macho yake yalikuwa ya upole, na upole wa daktari ni kitu cha kuogofya. Kisha barakoa ikatulia, na daktari akawa anangoja.

Fundi akatikisa kichwa. Pole pole, kama alivyozoea. Alihisi hata midomo yake mwenyewe ikijiandaa kusema ndiyo hivyo tena.

Daktari naye akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye karatasi, akageuka kuondoka. Alikuwa amekwisha kuushika mlango fundi alipomfikia na kumkamata mkono wa koti, kwa nguvu, mpaka kalamu ikadondoka.

"Sikusikia," alisema. "Hata neno moja. Mimi ni kiziwi. Shusha hiyo uniambie tena."

Daktari alimtazama, kisha akaitazama karatasi aliyokwisha kuiandika. Akaivuta barakoa hadi kidevuni. Alikuwa na mdomo mdogo, uliochoka, na alisema taratibu bila kuombwa. Mguu wa kushoto hauwezi kuokolewa. Wanaukata juu ya goti, leo hii, la sivyo watampoteza mgonjwa. Na huo wa kulia hawajui bado. Mgonjwa hajitambui. Anahitaji ndugu akubali. Dakika moja iliyopita, alisema, nilidhani umekubali.

Safari hii hakikumpita kitu. Fundi aliinama, akaiokota ile kalamu, akaishika bila kumrudishia. Alimwambia daktari asubiri, binti wa mgonjwa yuko njiani, yeye ndiye wa kuulizwa.

Mpwa alikuwa tayari anakuja, upande wa pili wa korido, anakimbia nusu nusu kama mtu aliyejifungua juzi, mke wa fundi nyuma yake na mtoto. Alifika akamshika mjomba wake mabega yote mawili, akajiweka sawasawa mbele ya uso wake, penye mwanga, akamuuliza, "Daktari amesema nini?"

Fundi alimwambia. Alimwambia yote, bila kupunguza, mguu wa kushoto na wa kulia, na kwa nini mama yake alikuwa ndani ya nyumba badala ya nje. Hakuisikia sauti yake, hakujua kwamba anaitoa kwa nguvu kama mtu aliye kando ya mashine, na korido nzima, wagonjwa na waliowaleta, iligeuka kumtazama.